Ujira na ajira za wenyeji na wageni Kariakoo

Ujira na ajira za wenyeji na wageni Kariakoo ni suala la kiuchumi na kisheria linalohusu mgawanyo wa kazi, kipato na leseni za biashara kati ya raia wa Tanzania na watu wa mataifa mengine katika kata ya Kariakoo na maeneo ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, yaani Gerezani, Mnazi Mmoja, Kisutu, Upanga na Posta. Lilianza enzi za ukoloni, mishahara ilipopangwa kwa rangi, likarudi kwa sura nyingine baada ya uagizaji wa bidhaa kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Tangu mwaka 2011 limehusishwa zaidi na wafanyabiashara kutoka China. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja.

Katika vipindi vyote hivyo kipato cha mtu Kariakoo kimetegemea zaidi nafasi yake katika safari ya mzigo, kutoka kiwandani hadi kwa mnunuzi, kuliko jasho alilotoa. Sheria zimekuwa zikigusa nafasi hiyo kwa njia ya leseni na vibali. Malipo ya muuza duka na mbeba mzigo yamebaki suala la pembeni.

Eneo na watu wake

Kariakoo imo katika Wilaya ya Ilala. Jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo kuu la soko lilisanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya mwanzo ya 1970. Liliungua tarehe 10 Julai 2021, likakarabatiwa na jengo jipya likaongezwa kando yake. Lakini biashara kubwa zaidi iko nje ya jengo hilo, katika mitaa ya Msimbazi, Congo, Mkunguni, Aggrey, Narung'ombe, Likoma, Sikukuu na Nyamwezi. Huko nyumba za udongo za zamani zimepisha maghorofa yenye fremu za maduka chini na stoo juu.

Tangu mwanzo karibu kila aliyefanya kazi hapo alitoka mahali pengine. Wazaramo walitoka vijiji vya jirani. Wandengereko walitoka Rufiji, Waluguru walitoka milimani Morogoro, na Wamanyema asili yao ilikuwa mashariki mwa Kongo. Washihiri kutoka Hadhramaut walifungua maduka madogo, na Wahindi walishika biashara ya jumla. Leo wafanyabiashara wenye asili ya Kilimanjaro na Makete wana majina makubwa sokoni, na wanunuzi wa jumla hufika kutoka Kongo, Zambia, Malawi, Uganda na Komoro. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728.

Enzi za ukoloni

Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa mji katika kanda tatu za ujenzi: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, na Uswahilini, ambamo Kariakoo ilikuwa kiini. Mgawanyo huo ulienda sambamba na ngazi za mishahara. Mzungu alikuwa juu, karani wa Kihindi au Kigoa katikati, na Mwafrika chini, hata pale ambapo kazi yao ilikuwa moja. Makarani na walimu wa Kiafrika walianza kujipanga mapema. Mwaka 1922 Martin Kayamba aliunda chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika mjini Tanga. Mwaka 1929 African Association ilianzishwa Dar es Salaam, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Kleist Sykes, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani.

Upande wa biashara, mapambano ya kwanza makubwa ya leseni yalikuwa ya Wahindi. Mwaka 1923 walifunga maduka kwa wiki kadhaa kupinga sheria mpya za leseni na kodi ya faida, ambazo pamoja na mengine ziliwataka waandike vitabu vya hesabu kwa Kiingereza au Kiswahili. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka aliyezaliwa Uganda, aliongoza kuundwa kwa chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika, kisha mwaka 1937 akaanzisha gazeti la *Kwetu*. Katika gazeti hilo alitetea wauzaji wa Kiafrika waliobanwa kati ya bei za wauza jumla na masharti ya serikali. Mtetezi huyo wa wenyeji alikuwa mwenyewe mhamiaji.

Wafanyakazi wa bandari, wengi wao wakiishi Kariakoo na Ilala, waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947. Mgomo wa 1947 ulienea kwa kufuata reli hadi bara. Wengi wao walikuwa vibarua wa siku: meli ikichelewa, hakuna posho. Baada ya migomo hiyo malipo yaliongezwa na sehemu ya makuli wakaandikishwa rasmi. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika (TFL), Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Kudai ujira sawa kulikuwa sehemu ya kudai uhuru.

Uhuru na uchumi wa dola

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, TFL ilitaka nafasi za kazi wapewe Waafrika haraka. Julius Nyerere alikubali kwa muda kuwapandisha Waafrika katika utumishi wa umma, kisha Januari 1964 akatangaza kwamba raia wote, wa rangi yoyote, watapewa kazi kwa msingi mmoja. Tangu hapo kigezo cha kisheria cha ajira Tanzania kimekuwa uraia, wala si rangi wala kabila.

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa benki na makampuni makubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia katikati ya jiji. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilijaribu kuwaondoa wenye maduka binafsi ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Bidhaa ziliadimika na biashara ya magendo ikashamiri. Mwaka 1983 ulifuata msako wa wahujumu uchumi, na katika mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyotumika kuwakamata vijana wasio na ajira rasmi mjini na kuwarudisha mashambani.

Kulegezwa kwa biashara na ujio wa Wachina

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kuwa Rais mwaka 1985 na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, milango ilifunguka zaidi. Mitumba, vitenge, vyombo na vifaa vya umeme vilijaa Kariakoo, na vijana waliokuwa wakikimbizwa kama wazururaji wakawa machinga.

Mwanzoni waagizaji walifuata bidhaa Dubai. Miaka ya 2000 wengi waligeukia Guangzhou na Yiwu. Wakati huohuo Wachina nao walianza kufungua maduka Kariakoo. Hao walikuwa kundi tofauti na mafundi wa Kichina waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 na kurudi kwao. Wafanyabiashara wapya walikuwa na jambo moja ambalo mwagizaji wa Kitanzania hakuwa nalo: ukaribu na kiwanda. Aliyejuana na mwenye kiwanda alipata bei ya chini na mzigo kwa mkopo. Mtanzania alilipa nauli, hoteli, wakala wa kununua na wakala wa kusafirisha kabla kontena halijafika bandarini. Tofauti hiyo ya gharama, kuliko jambo jingine lolote, ndiyo iliyozua malalamiko ya ushindani.

Mwezi Januari 2011 Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, Lazaro Nyalandu, aliwapa siku 30 wageni waliokuwa wakifanya uchuuzi na kazi ndogondogo Kariakoo waondoke. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba waliingia nchini kama wawekezaji, na kazi hizo ni za wenyeji. Agizo hilo halikumaliza suala, kwa kuwa maduka mengi yaliendelea kwa leseni zenye majina ya Watanzania.

Ngazi za kazi

Kazi za Kariakoo zinaweza kupangwa kwa kufuata mzigo unavyoshuka kutoka kwenye kontena.

Mwagizaji ndiye mwenye mtaji na ndiye mwenye faida kubwa, na hasara kubwa pia, mzigo ukikwama au shilingi ikishuka. Ngazi hii ina Watanzania na wageni.

Muuza jumla na rejareja hupanga fremu, mara nyingi kwa kulipa kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na pengine kilemba kwa anayempisha.

Muuza duka ameajiriwa, kwa kawaida bila mkataba wa maandishi. Hulipwa mshahara wa mwezi, au posho ya siku pamoja na chakula na nauli. Katika maduka ya Wachina muuza duka wa Kitanzania huwa pia mkalimani na mjuzi wa bei za soko. Vijana wanaojua Kichina, baadhi wakiwa wamesoma katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupata nafasi nzuri zaidi katika maduka hayo, katika maghala na katika kampuni za ujenzi.

Winga hana duka wala mshahara. Humdaka mteja barabarani, humpeleka kwenye duka lenye bidhaa na huishi kwa cha juu, yaani kile anachoongeza juu ya bei ya mwenye duka. Siku hizi mawinga wengi huuza kwa picha mtandaoni na kutuma mzigo mikoani kwa basi.

Machinga huchukua bidhaa kwa mali kauli. Akiuza, hulipa, asipouza, hurudisha. Mfumo huu humpa kijana asiye na mtaji pa kuanzia, lakini bei hupangwa na mwenye mali.

Kuli, msukuma mkokoteni na mwendesha guta hulipwa kwa mzigo au kwa safari. Pembeni yao wako mama lishe, bodaboda na walinzi.

Wageni hupatikana zaidi katika ngazi mbili za juu. Katika ngazi za chini karibu wote ni Watanzania, wengi wao vijana waliotoka mikoani. Upande wa Posta na Upanga hali ni tofauti. Huko wageni huajiriwa kama mameneja, wahasibu, wahandisi na wataalamu wa mitandao katika benki, hoteli na kampuni za simu, na mara nyingi mikataba yao huwa na nyumba, usafiri na ada za shule za watoto.

Viwango vya malipo

Kima cha chini katika sekta binafsi hupangwa kwa Amri ya Mshahara, kila sekta na kiwango chake. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda, na shilingi 592,000 kwa taasisi za fedha. Kwa amri hiyo mhudumu wa benki Posta alihakikishiwa karibu mara 4 ya alichohakikishiwa muuza duka wa Kariakoo, umbali usiozidi kilomita 3. Mwezi Oktoba 2025 Serikali ilitangaza nyongeza iliyopandisha wastani wa kima cha chini cha sekta zote binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Katika utumishi wa umma kima cha chini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika wiki 4. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara. Kipengele hicho kimepata uzito tangu mwaka 2025, biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo.

Hesabu ndogo inaonyesha pengo kati ya sheria na mtaa. Kwa wiki ya saa 45, mshahara wa shilingi 150,000 wa amri ya 2022 ulikuwa takriban shilingi 769 kwa saa. Duka likifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 1 jioni kwa siku 6, muuza duka mmoja akipumzika saa 1 kila siku, amefanya kazi saa 66 kwa wiki. Hizo ni saa 21 za ziada kwa wiki na 84 kwa wiki 4, kiasi kinachozidi ukomo wa sheria hata kama zote zingelipwa. Asiye na mkataba wala karatasi ya mshahara hupata taabu kuyathibitisha hayo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Wengi pia hawachangiwi NSSF, ambako mchango wa kisheria ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla ya mwajiri na mwajiriwa.

Sheria hiyohiyo ya ajira inakataza ubaguzi kazini, ukiwamo wa utaifa na rangi. Mwajiri wa kigeni na wa Kitanzania wanabanwa na kima kimoja, na katika maduka madogo wote wawili hawakaguliwi mara kwa mara.

Vibali vya kazi kwa wageni

Ajira za wageni zinasimamiwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Vibali hutolewa na Kamishna wa Kazi katika madaraja matano: A kwa wawekezaji wanaojiajiri, B kwa taaluma maalumu kama afya, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati, C kwa taaluma nyingine, D kwa watumishi wa dini na hisani, na E kwa wakimbizi. Kibali hudumu miezi 24 na huweza kuongezwa. Mwajiri lazima aonyeshe kwamba amekosa Mtanzania mwenye ujuzi unaotakiwa, na awasilishe mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayerithi nafasi hiyo. Kibali cha ukaazi hutolewa peke yake na Idara ya Uhamiaji.

Kwa masharti hayo, mgeni hawezi kupata kibali kwa kazi ya kuuza duka au kubeba mzigo. Mianya iliyotajwa zaidi katika malalamiko ya Kariakoo ni miwili: mgeni mwenye kibali cha mwekezaji wa kiwanda anayeishia kuuza rejareja, na Mtanzania anayekodisha jina lake kwenye leseni.

Migomo na amri ya 2025

Tarehe 15 Mei 2023, miaka 100 baada ya mgomo wa Wahindi, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi na usajili wa stoo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao Mnazi Mmoja. Walifunga tena Juni 2024, na safari hii suala la wageni katika rejareja lilikuwa miongoni mwa madai. Mapema mwaka 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, aliunda kamati ya kuchunguza biashara za wageni Kariakoo, ikiongozwa na Profesa Edda Lwoga, Mkuu wa Chuo cha Elimu ya Biashara.

Amri ya Julai 2025 ilifuata. Pamoja na jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani, imewazuia wasio raia kufanya uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hoteli wala utalii, usafi, udalali, uwakala wa forodha, uchimbaji mdogo, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na viwanda vidogo, miongoni mwa nyingine. Mgeni anayevunja amri hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au hufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, na hufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia hutozwa shilingi milioni 5 au kufungwa miezi 3. Wenye leseni hai waliruhusiwa kuendelea hadi zitakapokwisha muda.

Kenya ililalamika kwamba amri inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Katika utekelezaji wa itifaki hiyo Tanzania ilifungua soko lake la ajira kwa taaluma zilizoorodheshwa tu, na haikufuta ada za vibali vya kazi kama walivyofanyiana Kenya, Uganda na Rwanda. Katika mwaka huohuo wa 2025, kituo cha biashara cha EACLC chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina, kilizinduliwa Ubungo, kilomita chache kutoka Kariakoo.

Tathmini

Wanaoiunga mkono amri husema inarudisha kwa wenyeji nafasi ambayo haihitaji ujuzi wa kigeni, na kwamba faida ya rejareja inapobaki nchini huzunguka mtaani. Wanaoitilia shaka hutaja ajira za wauza duka, wakalimani, makuli na mawinga zinazotegemea maduka ya wageni, kodi za fremu zinazolipwa kwa wenye nyumba wa Kitanzania, na hatari ya Watanzania wanaofanya biashara Guangzhou, Nairobi au Lubumbashi kutendewa vivyo hivyo.

Hoja zote mbili zinahusu umiliki wa duka. Kwa muuza duka, bosi akiwa Mtanzania au Mchina, kipato kitabadilika pale mkataba utakapoandikwa, saa za ziada zitakapolipwa na mkaguzi wa kazi atakapopita Mtaa wa Congo kama anavyopita ofisa wa kodi. Na mwagizaji wa Kitanzania hatalingana na mgeni kwa kupewa leseni pekee, maana kinachompungukia ni mkopo wa riba nafuu na njia ya moja kwa moja hadi kiwandani. Amri ya 2025 haina kifungu juu ya hayo.